Mtungi wa Mbaazi

Chizuru alipofungua begi lake jikoni kwangu, Tumbe,
alitoa jani jeusi, gumu kama soli ya kiatu,
lina vumbi jeupe la chumvi.
"Hii ni kombu," akasema.
Mwanangu akaitika kutoka uani: "Naam!"
Tukacheka hata chai ikamwagika.
Tangu siku ile Kombo wangu ana somo yake,
mkavu, anayeishi katika mfuko wa nailoni.

Mie mwani naujua kwa mgongo.
Miaka kumi na mitatu naufunga kwenye kamba,
bamvua kwa bamvua, maji ya magoti,
unapimwa, unauzwa, unakwenda zake.
Sijapata kuutia mdomoni.
Nani hula deni lake?

Yeye akaliroweka jani,
akalitoa kabla maji hayajachemka,
kisha akanyoosha mkono: "Dagaa."
Dagaa wetu hawa hawa,
waliochemshwa kwa maji ya bahari, wakaanikwa juu ya nyavu kuukuu.
Akawang'oa vichwa, akawatoa matumbo, mmoja mmoja,
kama anayechagua mchele wa harusi,
akawatokosa, akawachuja.
Dagaa akampa paka. Maji akayabakisha!

Lahaula. Mamamkwe akanitazama, nami nikamtazama.
Hamna nazi, hamna ndimu, hamna bizari.
"Kwao hakuna minazi, maskini," akaninong'oneza.
Nikanywa kwa adabu.
Kitu kikakaa chini ya ulimi, hakikuondoka;
si chumvi, si samaki.
Nikalitafuta jina lake hadi isha, sikulipata.

Mwezi wa pili akapika wali, akaupoza,
akaunyunyizia poda ya kijani kutoka kwao,
akauviringa katika kanga yangu ya zamani
na kuulaza kwenye ungo, karibu na meko,
kama mtoto mwenye homa.
Hakunieleza. Au alinieleza, sikusikia;
Kiswahili chake kilikuwa bado kinatambaa.
Siku ya pili nikafunua:
wali wote umeota manyoya meupe.
Nikaona haya kwa niaba yake.
Riziki ya Mungu kuachwa ivunde!
Nikaenda nyuma ya nyumba, nikawamwagia kuku,
nikaosha ungo, nikaanika kanga.

Alirudi skuli saa nane.
Akautazama ungo. Akawatazama kuku.
Akakaa juu ya mbuzi ya nazi,
na machozi hayakushuka, yalisimama pale pale.
Kisha, kwa Kiswahili kilichonyooka kuliko siku zote:
"Ulikuwa hai."

Mie, ninayefunika unga wa mkate wa kumimina
kila alasiri ya Ramadhani,
nikamgombeza anayebamiza mlango hamira isije ikashtuka,
mie nimeua.

Poda ilibaki kijiko kimoja.
Safari hii nililinda mwenyewe, usiku naamka
kutia kiganja chini ya kanga, kupima joto.
Soya hatukuipata hata soko la Konde,
tukatwaa mbaazi.
Tukazichemsha, tukazitwanga na chumvi na ule wali wa manyoya,
tukashindilia mtungini, juu yake jiwe la pwani.
Mamamkwe aliuliza swali moja tu: "Kitalevya?"
"Hakilevyi, bibi."
"Haya."

"Kitaiva lini?" Akahesabu vidole vyote kumi. Miezi.
Mkataba wake ulibakia miwili.

Mtungi ukakaa nyuma ya mlango.
Vuli ikaja, masika yakaja, mamamkwe akatutoka
bila kujua kilichomo.
Juzi nimeondoa jiwe.
Rangi ya gome la mdalasini. Harufu, sijui niseme nini:
ghala la mpunga, mkeka wa mvua, mkate.
Nikakoroga kijiko katika maji ya dagaa.
Kombo akanywa, akarudisha bakuli:
"Mama, hii ladha inaitwaje?"

Sijui, mwanangu. Muulize somo yako.

Ila dagaa sikuwatupa. Nimewakaanga.
Hilo Chizuru atanisamehe.